Kuishi Karama ya Masista Tukiwa Walei: Hotuba kwa Walei wa Nyanda za Juu Kusini

Tumsifu Yesu Kristo!

Baba Paroko, Mama Mkuu pamoja na masista mlioacha kazi zenu kuja kukaa nasi leo, makatekista, viongozi wa Halmashauri ya Walei, akina mama wa WAWATA, akina baba wa UWAKA, vijana wetu, na ninyi nyote mliosafiri kutoka Mbeya, Mafinga na Njombe kuungana na wenyeji hapa Iringa, nawasalimu kwa heshima na upendo.

Nimeombwa kuzungumza juu ya walei kushiriki maisha ya kiroho ya masista, nami nimekubali kwa furaha kwa sababu ni jambo ninaloliishi. Mimi ni mlei. Nimeolewa, nimelea watoto, nimefundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, ninalima mahindi na viazi kama wengi wenu, na katika hayo yote nimejifunza kusali na kufanya kazi kwa kuifuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, nikiwa mwoblati wa monasteri moja ya masista, yaani mlei aliyejifunga na monasteri hiyo huku akiendelea kuishi nyumbani kwake. Walioko hapa waliosomea teolojia watanisamehe nikiyaeleza mambo makubwa kwa maneno ya nyumbani.

Sisi watu wa Nyanda za Juu Kusini tumewajua masista kwanza kwa kazi zao. Wengi wetu tumepokewa duniani na sista mkunga, tumejifunza kuhesabu katika shule ya awali ya masista, tumepata dawa katika zahanati yao, na mpaka leo tunakwenda kwao kununua vifaranga, mbegu, mishumaa na hostia za parokia. Siku za nadhiri na za jubilei tunapanda malori tukiimba, tunapeleka magunia ya mahindi na maharage, mbuzi na kuku, tunashangilia, tunakula, tunarudi nyumbani. Hayo ni mema na ninaomba yaendelee. Lakini ni wangapi kati yetu tumewahi kuwauliza masista wanasali nini alfajiri ile ya mwezi Juni, wakati baridi inauma na sisi bado tumejifunika mablanketi? Ni wangapi tunajua mwanzilishi wa shirika lao alikuwa nani, alisukumwa na jambo gani, na aliwaachia wosia gani? Tumepokea huduma yao kizazi baada ya kizazi bila kuuliza nguvu ya kuitoa huduma hiyo inatoka wapi.

Ninachotaka kuwaambia leo ni hiki. Ile namna ya pekee ya kumfuata Kristo ambayo Roho Mtakatifu alimjalia mwanzilishi wa shirika, ambayo Kanisa huiita karama, ni mali ya Kanisa lote, na masista ndio waliokabidhiwa kuitunza. Mlei anaweza kuishi kwa karama hiyo akiwa katika ndoa yake, duka lake, shamba lake na ofisi yake, bila kugeuka kuwa sista na bila kupunguza hata kidogo wajibu wake wa ulei. Tena naamini kwamba wakati umefika kwa sisi wa kanda hii kulichukua jambo hili kwa uzito, kwa kuwa karama hizi tunazo mlangoni.

Tazameni tu jinsi ardhi yetu ilivyobarikiwa. Hapa karibu, Tosamaganga, Wabenediktini waliweka misheni mwishoni mwa karne ya 19, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1919, wakaja Wamisionari wa Konsolata, wana wa Padre Yosefu Allamano wa Torino, aliyelianzisha shirika la mapadre na mabruda mwaka 1901 na la masista mwaka 1910, na ambaye Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu tarehe 20 Oktoba 2024. Tosamaganga hiyohiyo ndiko yaliko makao ya Masista Wateresina wa Mtoto Yesu, mabinti wa nchi hii. Ukienda Njombe utawakuta Wabenediktini wa Mtakatifu Gertruda kule Imiliwaha. Ukishuka hadi Songea utawakuta wa Mtakatifu Agnes kule Chipole, shirika lililoanzishwa mwaka 1938. Hawa ni dada zetu na shangazi zetu. Wanaongea Kihehe, Kibena na Kingoni, na wanajua bei ya mbolea kama tunavyoijua sisi. Hatuhitaji kuvuka bahari ili kujifunza kwao.

Wapo wanaodhani kwamba habari hii ya walei kuungana na watawa ni mtindo mpya. Mtakatifu Fransisko wa Asizi alifuatwa na watu wenye ndoa na biashara ambao hawakuweza kuacha nyumba zao, na mwaka 1221 wakaandikiwa utaratibu wao wa kuishi. Kutoka kwao umekuja ule tunaouita Utawa wa Tatu, ambao leo ni Wafransisko Walei. Wengi humdhania Mtakatifu Katarina wa Siena kuwa alikuwa mtawa wa ndani ya kuta za monasteri, kumbe aliishi nyumbani kwa wazazi wake akiwa mlei wa familia ya Mtakatifu Dominiko, na mwaka 1970 Papa Paulo wa Sita akamtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa. Wabenediktini nao wana waoblati tangu zamani sana, watu wanaojifunga na monasteri moja maalumu huku wakiendelea kuishi makwao.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa zima, uliweka msingi imara zaidi. Mwaka 1964, katika hati juu ya Kanisa, Lumen Gentium, sura nzima ya tano ilitolewa kufundisha kwamba waamini wote, wa hali zote, wanaitwa kwenye utakatifu, na sura hiyo imewekwa kabla ya ile inayowahusu watawa. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo wa Pili, katika wosia wake Vita Consecrata, namba 54, aliandika wazi kwamba mashirika mengi yametambua kuwa karama yao inaweza kushirikishwa kwa walei, na kwamba walei wanaalikwa kushiriki kwa kina zaidi tasaufi, yaani maisha ya kiroho, na utume wa mashirika hayo. Na Papa Fransisko alipofungua Mwaka wa Watawa, katika barua yake ya tarehe 21 Novemba 2014, hakuwaandikia watawa peke yao. Aliwageukia pia walei wanaoshiriki nao roho na utume uleule, akasema kwamba kuizunguka kila familia ya kitawa ipo familia iliyo kubwa zaidi, inayokusanya mashirika na walei walioguswa na karama moja. Sheria ya Kanisa nayo imelipa jambo hili mahali pake: kanuni ya 303 inaeleza vyama vya walei wanaoishi ulimwenguni kwa roho ya shirika fulani, na kanuni ya 677 inayataka mashirika yenye vyama vya namna hiyo yavisaidie kwa uangalifu wa pekee ili vijazwe roho halisi ya familia yao. Nimeyataja haya kwa sababu wapo wazee wetu wa kanisa wanaouliza, na wana haki ya kuuliza, ni nani aliyeturuhusu.

Sasa niingie katika lililo moyoni mwangu zaidi, yaani jinsi karama inavyohama kutoka kanisa dogo la masista mpaka nyumbani kwa mlei.

Wazee wetu walikuwa na desturi ya kuomba moto kwa jirani. Mama ambaye moto wake umezimika usiku humtuma mtoto na kigae. Jirani humpa makaa mawili matatu, na mtoto huenda nayo mbio akiyapuliza, maana akizubaa njiani yatazimika. Hakuna anayehamia jikoni kwa jirani, wala jirani hapungukiwi moto. Chakula hupikwa kwenye mafiga ya nyumbani. Ndivyo nilivyoelewa mimi uoblati. Ninakwenda kwa masista kusali pamoja nao, kusikiliza mafundisho, kukaa kimya katika mafungo. Lakini mahali pa kuishi kile nilichokipokea ni nyumbani kwangu, na nisipokiishi huko, basi safari zangu za monasteri ni matembezi tu.

Chukueni mfano wa Kanuni ya Mtakatifu Benedikto. Iliandikwa katika karne ya 6 kwa ajili ya wamonaki, watawa wanaoishi monasterini, lakini ukiifungua unakuta imejaa mambo ya ghala, jiko, wagonjwa, wageni, watoto na zana za kazi. Sura ya 31 inamhusu mtunza ghala, nayo inaagiza kwamba vyombo vyote na mali yote ya monasteri avitazame kama vyombo vitakatifu vya altare. Nilipoisikia sura hiyo kwa mara ya kwanza nilikuwa bado kazini, na niliporudi shuleni nilianza kuitazama kwa jicho jingine chaki ya serikali, vitabu vya wanafunzi na michango ya wazazi iliyokuwa ikikaa kwenye droo. Tafakarini mweka hazina wa VICOBA anayelishika neno hilo! Tafakarini karani wa chama cha ushirika anayepima chai ya mkulima mdogo huku akijua kwamba mizani ile mbele ya Mungu ina heshima kama ya kalisi, kikombe cha divai ya Misa! Huyo hajavaa shela wala hajaweka nadhiri ya ufukara, lakini roho ya ufukara wa kimonaki inaishi ndani yake, na jirani zake wananufaika nayo pasipo kujua imetoka wapi.

Sura ya 53 inataka kila mgeni apokelewe kama Kristo mwenyewe, na hasa maskini na wasafiri, kwa kuwa matajiri, asema Mtakatifu Benedikto, hofu tu inayowazunguka inatosha kuwapatia heshima. Sisi Waafrika tunajisifu kwa ukarimu, na tuna haki kwa kiasi fulani. Lakini je, yule binti wa kazi aliyetoka kijijini, anayelala kwenye godoro la mwisho na kula baada ya wote, yeye ni mgeni wa aina gani nyumbani kwetu? Je, dereva wa bodaboda anayetuletea mzigo wakati wa mvua anaambiwa walau aingie barazani? Kanuni inagusa mambo hayo. Ndiyo maana nasema kwamba mlei anayeishi karama ya masista hapunguziwi ulei wake. Anadaiwa zaidi katika mambo yaleyale ya kila siku.

Ndugu zangu mnaovutwa na familia ya Konsolata mnayo njia yenu. Mtakatifu Yosefu Allamano aliwaambia wanawe kwamba wawe kwanza watakatifu, kisha wamisionari, na tena aliwafundisha kutenda mema, kuyatenda vizuri, bila kelele. Binti yake wa kiroho, Mwenyeheri Irene Stefani, alifika Kenya akiwa kijana, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza aliwauguza wapagazi wa jeshi katika hospitali za Kilwa, Lindi na Dar es Salaam, yaani katika nchi yetu hii. Baadaye, kule Gikondi, Wakikuyu walimwita Nyaatha, mama wa huruma, kwa jinsi alivyotembea nyumba kwa nyumba. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1930, kwa ugonjwa wa tauni alioupata alipokuwa akimhudumia mwalimu mgonjwa, na alitangazwa mwenyeheri kule Nyeri mwaka 2015.

Lakini kuna sehemu ya habari yake ambayo sisi walei tunapaswa kuishika kwa mikono miwili. Muujiza uliokubaliwa na Kanisa kwa ajili ya kumtangaza mwenyeheri ulitokea mwezi Januari mwaka 1989 huko Nipepe, katika jimbo la Niassa nchini Msumbiji, ng'ambo tu ya mto Ruvuma. Vita vilikuwa vimepamba moto. Makatekista waliokuja kwa kozi, pamoja na wake zao na watoto, walijikuta wamejifungia kanisani, watu zaidi ya 200, bila maji ya kunywa isipokuwa yale machache yaliyokuwamo katika gogo la mti lililochongwa kuwa kisima cha ubatizo. Walimwomba Sista Irene awaombee, na maji yale yakawatosha wote kwa siku kadhaa, na watoto wakaogeshwa. Tazameni walioomba walikuwa nani. Walikuwa makatekista wa vijijini na familia zao, watu wa jembe kama sisi, waliomjua sista huyo kama mtu wa kwao, na kwa imani yao Kanisa zima limepata kuuona utakatifu wake.

Juu ya Wateresina sitasema mengi, maana yuko sista hapa atakayesema vizuri kuliko mimi. Nitakumbusha tu kwamba Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu alikufa mwaka 1897 akiwa na umri wa miaka 24, hakuwahi kwenda misheni, na bado mwaka 1927 alitangazwa kuwa msimamizi wa misheni. Njia yake ndogo ya kufanya mambo madogo kwa upendo mkubwa haimhitaji mtu awe na elimu wala nafasi, na mama anayeuza nyanya Mwanjelwa anaweza kuianza kesho asubuhi.

Mtu anaingiaje katika maisha haya? Kila shirika lina utaratibu wake, na utaratibu huo ndio wa kufuata. Kwa ujumla, mtu hukaa kwanza katika kipindi cha kufahamiana, halafu hupokelewa kuanza malezi, na baada ya mwaka mmoja au zaidi hutoa ahadi yake mbele ya altare. Ahadi hiyo si nadhiri ya kitawa. Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 58, hataki mtu anayegonga mlango afunguliwe upesi. Anaagiza ajaribiwe kwa mwaka mzima, na katika mwaka huo asomewe Kanuni yote mara tatu ili ajue anaingia katika nini. Mimi naona hekima kubwa katika ucheleweshaji huo, hasa kwa sisi tunaopenda kuandikisha majina Jumapili hii na kuzindua kikundi Jumapili ijayo. Siku ya ahadi, katika monasteri nyingi, mwoblati husali mstari uleule wa Zaburi ya 119 ambao watawa huuimba wanapoweka nadhiri zao, wakimwomba Bwana awapokee sawasawa na ahadi yake ili waishi, wala asiwaache waaibike katika tumaini lao. Sijui maneno mengine yanayonitetemesha kama hayo.

Kiini cha malezi ni sala, na hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu wanadhani wanatakiwa kusali kama masista. Tuelewane. Masista wana kengele, wana kanisa hatua chache kutoka chumbani, na ratiba yao yote imepangwa kuizunguka sala. Wewe una ng'ombe wa kukamua, watoto wa kuandaa kwenda shule, na basi la saa kumi na mbili. Hata hivyo, Mtaguso, katika hati juu ya Liturujia ya mwaka 1963, uliwahimiza walei nao wasali Masifu ya Kanisa, ile sala ya zaburi ya kila siku, ama pamoja na mapadre, ama wao kwa wao, ama hata mtu peke yake. Anayeanza aanze na kidogo anachoweza kukishika: zaburi moja na wimbo wa Zakaria kila asubuhi, ambao uko katika Injili ya Luka, sura ya kwanza, aya ya 68 hadi 79; na jioni, zaburi moja na wimbo wa Bikira Maria, aya ya 46 hadi 55 za sura hiyohiyo. Asiye na kitabu cha Masifu anayo Biblia, na ukishazoea utajikuta unausali wimbo wa Zakaria kwa moyo ukiwa njiani kwenda shambani. Ongezeni hapo robo saa ya kulisoma Neno la Mungu taratibu, bila haraka ya kumaliza sura. Wakati masista wanasali Masifu ya Jioni na wewe unasali zaburi yako jikoni, ninyi mko katika sala moja ya Kanisa, na umbali wa kilomita haubadilishi jambo hilo.

Akina mama wenzangu hunijia na swali moja kila mara: mume wangu atasemaje? Na wapo akina baba wenye swali hilohilo kwa upande wao. Nawaelekeza kwa Mtakatifu Fransiska wa Roma, aliyezaliwa mwaka 1384, akaolewa angali binti mdogo, akaishi na mumewe miaka 40 na kuzaa naye watoto. Mwaka 1425 alijitoa kuwa mwoblati wa Kibenediktini pamoja na wanawake wenzake, akiwa bado mke wa mtu, na baada ya mume wake kufariki alijiunga na jumuiya waliyoianzisha. Mapokeo yanasimulia kwamba siku moja, akiwa anasali, aliitwa na mumewe mara nne katika mstari uleule wa zaburi, na kila mara alifunga kitabu akaenda. Aliporudi mara ya mwisho aliukuta mstari huo umeandikwa kwa herufi za dhahabu. Mwenyewe alifundisha kwamba mwanamke aliyeolewa yampasa wakati mwingine amwache Mungu altareni ili amkute katika kazi za nyumba. Sakramenti ya ndoa inatangulia ahadi ya uoblati, na masista wanaojua kazi yao watakuwa wa kwanza kumrudisha nyumbani mama anayekimbilia monasteri ili kuwakwepa watu wa nyumbani kwake. Kabla ya kuandika jina lako, zungumza na mwenzi wako, na umpe nafasi ya kuuliza, hata ya kukasirika.

Yapo mambo ambayo nayaona kama hatari, na ninayasema mbele ya masista kwa sababu wao nao wanayajua. La kwanza ni sare. Sisi tunapenda sare, nami sizikatai. Kitenge cha WAWATA ninacho na ninakivaa kwa furaha. Lakini nimeona kikundi cha walei kinaanza, na mkutano wa kwanza unajadili rangi ya kitambaa, wa pili bei ya kitambaa, wa tatu michango ya safari, na zaburi hazijasaliwa hata moja. Naomba tusianze hivyo. Tukae mwaka mzima bila sare, bila katiba ndefu, bila mwenyekiti na makamu wake, tukisali na kujifunza tu. Vitu vingine vitakuja vyenyewe ikiwa vinahitajika.

Hatari nyingine ni ya kutafuta upendeleo, na hii inaumiza. Wapo wanaojisogeza kwa masista ili mtoto apate nafasi shuleni, ada ipunguzwe, au mgonjwa wao ahudumiwe kabla ya wengine walioshika foleni tangu alfajiri. Anayekuja kwa nia hiyo anamnyima maskini haki yake na anamweka sista mahali pagumu, kwa maana kukataa kutaonekana ni kukosa upendo. Mlei aliyeungana na shirika awe wa mwisho kuomba upendeleo na wa kwanza kulipa ada kwa wakati. Vilevile mambo ya ndani ya jumuiya ya masista si yetu. Nani kahamishwa, nani kachaguliwa kuwa mkubwa, nani kaondoka shirikani na kwa nini: hayo tuyaache. Tumealikwa kushiriki sala na roho yao, na heshima inatutaka tusimame pale tulipokaribishwa.

Tena, na hili ni zito, mtu asije akaikimbia Jumuiya Ndogo Ndogo kwa kisingizio kwamba yeye sasa ni wa masista. Tangu maaskofu wa Afrika Mashariki walipozipa jumuiya hizo kipaumbele mwaka 1976, ndiko Kanisa letu linakopumua: ndiko tunakozika, tunakopatanisha majirani, tunakosoma Injili pamoja na watu ambao hatukuwachagua. Kanuni ya 311 ya Sheria ya Kanisa inawataka watawa wanaosimamia vyama vya walei wahakikishe vyama hivyo vinasaidia utume wa jimbo. Mwoblati asiyeonekana kwenye jumuiya yake ya Alhamisi, asiyejua kwamba jirani yake amefiwa, amekosa kuielewa karama yenyewe.

Kwenu masista, dada zetu wapendwa, nina ombi lenye heshima. Msituogope. Najua mna kazi nyingi na watu wachache, na kumtoa sista mmoja akae na walei kila mwezi ni gharama. Lakini tunahitaji mlezi, mtu anayeijua karama yenu kwa maisha na si kwa vitabu peke yake, atakayeturekebisha tunapokosea. Tusomeeni barua na mafundisho ya waanzilishi wenu kwa Kiswahili tunachokielewa. Tukaribisheni kwenye Masifu ya Jioni hata kama sauti zetu zitawaharibia tuni. Nanyi mtapata kitu, maana Papa Yohane Paulo wa Pili, katika wosia uleule, namba 55, alisema kwamba ushiriki wa walei mara nyingi huleta mwanga mpya, usiotarajiwa, juu ya baadhi ya pande za karama. Fundi seremala akiwaeleza jinsi anavyoielewa ile sura ya vyombo vya altare, huenda hata novisi wenu, wale walio bado katika malezi, wakaisikia upya.

Leo, basi, tusiandikishe majina. Rudini nyumbani, mzungumze na wenzi wenu, mumweleze paroko wenu, na kwa mwezi mmoja msali wimbo wa Zakaria kila asubuhi na wimbo wa Bikira Maria kila jioni. Atakayeona mwezi huo umempita vizuri na moyo wake bado unamvuta, aende kwa masista wa shirika linalomgusa, aombe kuonana na sista anayehusika na walei, na aseme nia yake bila kuficha neno. Watakaokuwa na uzito wa kufika mbali wazungumze na makatekista wa vigango vyao, ili masista wapange kuwafuata huko huko mara moja moja, hasa baada ya mavuno, barabara zinapopitika. Na baada ya chakula, masista watakaa nasi darasani, kila shirika na chumba chake. Waulizeni kwanza habari za sala yao na za mwanzilishi wao; habari za fomu zinaweza kungoja.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.